Karabai ya Tata na Rangi Zake Tatu

Tabora, Jumapili

Mdogo wangu Adventina,

Shikamoo yako nimeipokea kwa mkono wa mjomba, marahaba. Mama mpigie shikamoo yangu ukiwa umepiga magoti, maana karatasi haina magoti. Kifua chake kinaendeleaje na baridi ya Ihembe? Mimi mzima, ila kucha zangu zimejaa rangi.

Mjomba alifika na karabai ya baba yetu, Tata, mapajani. "Hii nimeipakata kuliko nilivyowapakata wanangu," alisema, kisha akaomba chai. Nikasoma agizo lako: niikwangue rangi yote mpaka shaba ing'ae, ili siku ya harusi yako wageni waione. Nikafurahi. Unajua ndiyo starehe yangu. Wenzangu wa karakana wakienda kwenye mpira, mimi naokota karabai kuukuu za watu waliovuta umeme, nazifufua. Wananiita Mzee wa Mafuta ya Taa.

Ngozi ya pampu ilikauka, nikakata nyingine kwenye kiatu changu kibovu. Nikafunga kisoksi kipya, nikawasha. Adventina, sijazoea mpaka leo! Kile kitambaa kinaungua chote kinabaki jivu, na hilo jivu ndilo linalotoa mwanga wote ule. Ukiligusa tu, basi.

Ilipopoa nikaanza kukwangua tangi. Juu ilikuwa kijani, niliipaka mimi nilipomaliza shule. Chini yake nyekundu, masalio ya rangi ya bati, aliipaka mama. Nyekundu ikabanduka yenyewe kama ganda la ndizi mbivu, nikaona buluu. Hiyo aliipaka Tata mwaka wa vita, wewe ukiwa bado tumboni. Nakumbuka aliinyanyua kabla haijakauka, mama akamcheka.

Nikaacha kukwangua. Kwenye ile buluu, kitakoni mwa taa, pana alama ya dole gumba zima, mistari yote, na katikati lile kovu la mundu alilolipata kwenye migomba. Ni lake. Tata hakujua kuandika, na karatasi alizotia dole zililiwa na mchwa. Picha hakupiga hata moja. Wewe hukumkuta, na kila ukiniuliza alikuwaje nababaika tu. Nilikaa chini nikalia, halafu nikacheka peke yangu.

Basi nisamehe, agizo sikulitimiza lote. Nimeing'arisha kwa majivu na ndimu, utajiona usoni mwake. Pale kitakoni tu sikugusa. Mjomba anairudisha kesho.

Msalimie shemeji, mwambie pampu inataka mkono wa taratibu. Bibi naye mwambie tumbaku yake iko kwa mjomba.

Harusi ni yako, ukitaka shaba tupu utaikwangua mwenyewe. Ila kabla hujashika wembe, igeuze mchana kweupe, uweke dole lako juu ya lake. Hujawahi kumgusa.

Ni mimi kaka yako,
Deusdedit