Kwa Esnah, Aliyetufundisha Kumngoja Yunia

Mwaka umezunguka ukarudi palepale, Esnah, tangu Julai ile ya baridi ulipotutoka. Chai ya huku Kimulot imekatwa na imechipua tena. Majirani bado wanasema "pale kwa Esnah" wakimwelekeza mtu kwetu, na sisi hatujamsahihisha yeyote.

Hukuwa binti yangu wa kuzaa. Ulikuja kama mke wa mtoto wangu Zack, na begi moja na leso mbili, ukaniambia siku hiyohiyo, "Mama, mimi sijui kupika vizuri. Nakwambia mapema." Nikafikiri ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu. Ugali wako ulikuwa na madonge mpaka mwisho, na tuliula, na leo ningeula tena.

Uji uliunywa ukiwa umepoa kabisa. Kila jioni gamboti zako uliziingiza magazeti makavu ili zisilale na maji, na asubuhi ukiyatoa ulisimama mlangoni unayasoma, habari za mwezi uliopita, huku wenzako wanakupigia kelele kwamba nyapara ameshafika. Ulichelewa kila mahali isipokuwa kanisani. Sabato ulikuwa wa kwanza, benchi la nyuma karibu na mlango, ili binti yenu Yunia akizidiwa na sauti mtoke bila kusumbua watu.

Baba mkwe wako Gekara, kwa ile heshima yetu ya Kikisii, hakuwahi kukanyaga chumba chako wala kukaa nawe kupiga hadithi. Salamu zenu zilikuwa fupi, kila mtu ameangalia pembeni. Lakini alipoona Yunia anapenda kukaa mahali pamoja nje ya nyumba, chini ya ukingo wa mabati, alitafuta mbao akapigilia benchi hapo, hakusema ni la nani. Ukanituma nimshukuru. Nikaenda, nikamshukuru. Akasema, "Benchi gani?"

Yunia wetu alizaliwa mnene na mzima. Wenzake walipoanza kuita mama, yeye hakuita. Ukimwita alikuwa kama hasikii, lakini mtu akifungua karatasi ya biskuti nyumba ya tatu alikuwa anageuka. Sauti kubwa zilimuumiza kama moto. Mashine za kuchuna chai zilipoletwa shambani, alijikunja chini akafunga masikio, akalia mpaka zikazimwa.

Na watu wakaongea, Esnah, unajua walivyoongea. Mmoja alisema ulimcheka kilema ukiwa na mimba. Mwingine akasema uliruka kaburi. Wengine wakataka ulimi ukatwe chini kidogo, eti umefungwa. Wengine waliona ni mtoto aliyekosa fimbo tu, na walijitolea kumpa. Ulizunguka na yeye kila mahali ulikoambiwa, hadi hospitalini wakakwambia ni usonji. Ulirudi jioni, ukaketi kwenye kigoda changu bila hata kuvua koti.

"Mama, si laana. Si kitu nilichokula, na hauambukizi. Ni vile ubongo wake ulivyoumbwa, na atazeeka nao."

Nikauliza, "Na dawa?"

"Ya kumeza hakuna. Kuna kumfundisha polepole. Na sisi pia tufundishwe."

Mtu mwingine akitaka kufundisha watu huitisha mkutano, anakodi viti. Wewe ulitumia foleni ya mizani. Ulijua mwanamke mwenye kikapu kilichojaa majani hawezi kuondoka kabla hakijapimwa, hata kama maneno yako hayataki. Jioni kwa jioni ulisimama hapo, Yunia nyuma yako na leso yako imefungwa masikioni mwake, ukaanza.

"Huo usonji ni kabila gani?" mmoja akauliza, na foleni nzima ikacheka.

"Ni kabila kubwa," ukamjibu. "Hata kwenu wako. Mmewafungia tu ndani."

Kicheko kikaisha. Wawili walianza kuangalia vikapu vyao.

Siku nyingine ilikuwa, "Sasa mtoto hasemi, haitiki. Akipotea tumwiteje?"

"Msimwite. Mkimpigia kelele ataenda mbali zaidi. Na usimshike mkono, atakuuma, na mimi nitakucheka. Mpite mbele, keti chini, angalia pembeni kama mtu anayengojea gari. Atakuja mwenyewe."

"Na asipokuja?"

"Ongeza kungoja."

Jirani yetu Sally, yule Mkipsigis, alikuwa na mimba yake ya kwanza siku hizo. Alikuwa akikuona unakuja na Yunia, anahama mstari wake wa chai anaenda kuchuna upande wa pili wa barabara. Alikuwa ameambiwa kwamba mwenye mimba akimtazama sana mtoto wa namna ile, atazaa wa namna ile. Mimi nilikasirika, nikakwambia tusimsalimie tena. Ukaniambia, "Mama, anaogopea mtoto wake. Hata mimi naogopea wangu. Sasa tofauti yetu ni nini?" Alipojifungua ulimpelekea uji wa wimbi, ukauacha mlangoni ili asihangaike kukukaribisha.

Halafu kifua kikakushika. Tuliona ni homa ya baridi kama ya kila mwaka, wewe mwenyewe ulisema hivyo, kumbe mapafu yalikuwa yameshachoka. Pale kitandani hospitalini uliongea juu ya mambo mengi, mpaka kuku. Juu ya Yunia ulisema neno moja tu. "Mama, asifungiwe."

Tulikulaza nyumbani, Nyamira. Siku hiyo Yunia alizunguka uwanja akipunga mikono na kucheka, na watu wakasema, "Afadhali yeye, hajui kitu." Tuliporudi Kimulot alikataa chakula. Kila asubuhi alienda kusimama katika mstari wako wa chai, mikono chini, mpaka jua linapokuwa kali. Hakuna aliyesema tena kwamba hajui kitu.

Sasa nakuja kwa jambo la mwaka huu, ambalo najua ndilo ungeniuliza kwanza.

Zack simsemi vibaya, na yeye amekubali niliandike. Alikuwa mtu aliyefiwa. Jumapili moja alinikalisha nje.

"Mama, kuna mahali wanachukua watoto kama Yunia. Ni mbali, mbele ya Nakuru. Kuna ukuta, kuna geti."

"Kuna mtu anayemjua?"

"Watamjua."

"Na hilo geti linafungwa?"

"Mama, mimi niko zamu ya usiku kiwandani, mchana nimelala kama gogo. Wewe magoti yamekwisha, na Baba ni mzee. Siku akitoka mbio, ni nani atamfuata?"

Ilikuwa kweli tupu. Nilimwomba jambo moja, asiguse chochote mpaka mwaka wako utimie. Akakubali. Akasema, "Lakini Julai nampeleka. Nimeshaongea nao."

Basi nikakaa na hiyo Julai mbele yangu. Nilimpa Yunia uji katika kikombe kilekile, upande uleule wa meza. Nilijifunza kumwambia kabla ya jambo, "Sasa tunaosha uso," kisha ningoje, kisha ndipo maji. Akaanza kula. Akaanza kulala. Zack aliona, akawa anasema, "Vizuri, Mama," lakini hakusema kwamba amebadilisha nia.

Mwezi wa tano ikaja ile mvua ya mawe iliyoharibu chai ya upande wote huu. Unajua mabati yetu. Yalilia kama watu mia wanapiga nyundo. Yunia alipiga ukelele mmoja akatoka. Magoti yangu, kama Zack alivyosema, yalinifikisha mlangoni tu. Nikamwona anaingia kwenye chai, kisha sikumwona.

Ile chai ya kule chini ni ya zamani. Juu imeshikana kama meza, lakini chini kuna uwazi, na mtoto akiinama anaweza kwenda mbali huko ndani bila jani kutikisika. Na mbele yake kuna mto.

Zack aliamka akatoka pekupeku. Akaanza kuita, "Yunia! Yunia!" Wanaume wa nyumba za jirani wakaja, na wao wakaita, kila mmoja kwa nguvu zake. Mvua ilikuwa imepungua, na sauti zao zilienda mpaka ng'ambo, na mimi pale mlangoni nilikuwa najua zinamsukuma kuelekea mtoni.

Wachunaji walikuwa wamejikinga kwenye kibanda cha mizani. Nikaona Sally anatoka, mtoto wake mgongoni amefunikwa na nailoni. Akaenda moja kwa moja mbele ya wanaume wote.

"Baba Yunia, nyamaza."

Zack akamtazama kama hajasikia.

"Nyamazeni nyote. Mkiita anaingia ndani zaidi. Mama yake alituambia mpaka tukachoka."

Wakanyamaza. Na wale wanawake, Esnah, hakuna aliyewapanga. Kila mmoja alishika mstari wake, ule anaouchuna siku zote, wakaingia kwenye chai pamoja bega kwa bega, kama asubuhi ya kazi. Hakuna aliyetoa sauti. Ni mikono tu ilikuwa inafungua majani na kuangalia chini, inafungua na kuangalia. Nimeishi katika chai tangu nikiwa msichana, na sijawahi kuiona imejaa watu na imenyamaza namna ile.

Sally ndiye aliyemwona, karibu kabisa na mto. Hakumshika. Alimpita upande wa maji, akageuka, akaketi kwenye matope na ile barafu, akaangalia pembeni. Wenzake walipomwona ameketi, waliketi pia, kila mmoja pale mstari wake ulipomfikisha. Zack alitaka kukimbia huko. Mama mmoja mzee akamvuta koti.

"Keti, baba."

Akaketi. Nyapara naye akaja na mwavuli, akauliza kwa nini watu wameketi saa za kazi. Wakamwonyesha kwa kidevu. Akafunga mwavuli, akaketi.

Waliketi muda mrefu. Mtoto wa Sally alianza kulia, akamnyonyesha palepale. Kisha Yunia akatoka chini ya chai, matope mpaka kwenye nywele. Alimpita Sally, akapita wanawake wote mmoja mmoja bila kumtazama yeyote, na hakuna aliyenyoosha mkono. Alipofika kwa Zack alimpa mgongo, akamwegemea, kama alivyokuwa akikuegemea wewe kwenye foleni. Zack hakumkumbatia. Alitaka, nilijua hata kwa mbali kwamba anataka. Alikaa tu hivyo, mikono juu ya magoti yake mwenyewe, na machozi yanamtoka.

Sally alipomrudisha mpaka kwangu, akitembea mbele na Yunia nyuma yake, alisema, "Kogo, huyu ni wetu." Kogo ni nyanya, kwa lugha yake. Nikamwambia aingie apate chai ya moto. Akasema ana kikapu kwa mizani.

Zack hakula siku hiyo. Alikaa kwenye benchi la baba yake mpaka nguo zikamkaukia mwilini. Kisha akapiga simu, na nikamsikia akisema, "Ile nafasi mpatieni mwingine. Wangu anakaa." Walimuuliza kitu upande ule, nafikiri walimuuliza kwa nini. Akajibu, "Huko kwenu kuna ukuta. Huku kuna watu."

Aliomba kiwandani wamweke zamu ya mchana, na walimpa. Sasa jioni akitoka kazini anapitia kwenye mizani, Yunia nyuma yake. Hana mdomo wako. Anasimama hapo kama nguzo, lakini wakimuuliza anajibu, na siku hizi wanamuuliza. Mama mmoja ametoka mpaka Ndanai na msichana wake mkubwa ambaye majirani zake hawakuwa wanajua kwamba yuko. Walisimama nasi kwenye foleni mpaka mwisho, na msichana alivua viatu akakanyaga nyasi. Kama kuna anayesoma hili na ana mtoto wake ndani, afike jioni yoyote. Kikapu si lazima.

Kwa hiyo Julai imefika, Esnah, na hakuna aliyefunga mizigo. Leo asubuhi Yunia amekunywa uji, ametoka, amerudi, ametoka tena. Sijui yuko upande gani wa shamba ninapoandika, lakini kila mtu huko anamjua. Mlango wa nyumba yako haujafungwa kwa nje hata siku moja.

Wanaokukumbuka: mume wako Zack, binti yako Yunia, baba mkwe wako Gekara, ambaye amesema niandike tu "na mimi", mimi mama mkwe wako Bilhah, ndugu zako wa Nyamira, Sally na nyumba yake, na wanawake wote wa mizani.

Pumzika, mama Yunia, hadi asubuhi ya ufufuo. Jina lako halitatoka midomoni mwetu.