Krismasi Hii Mshike Mkia

Mama yangu, Mama Suzi,

Shikamoo. Ipokee kwanza ukiwa umekaa, ndiyo nianze. Na wewe dada Suzi, najua ni wewe unayemsomea, maana miwani ya mama baba aliikalia. Soma yote, usiruke panapokuhusu. Mgongo wako unaendeleaje, mama? Goti la baba je? Na ile mibuni ya kule chini imepaliliwa, au baba bado anaiangalia tu kwa huruma?

Mimi huku Ndola ni mzima wa kupindukia. Utauliza kwa nini nimeandika na simu zipo. Mama, kwenye simu wewe hukata kabla sijamaliza kujisifu. Karatasi haikatiki. Dereva wa lori atamkabidhi mjomba pale Tunduma barua hii pamoja na mfuko wa dagaa wakavu, wale ambao huku wanawaita kapenta. Ni wa mama hao, Suzi. Nakujua.

Gereji hii hakuna anayefungua tairi la lori kwa kasi kama mimi. Hata bosi wangu, Bashi Mulenga, yaani baba yake Mulenga, akikwama huniita. Kibemba nakiongea mpaka wenye lugha yao wanasita. Yule mwalimu aliyesema mtu wa kuishia kidato cha pili hatafika popote, mwambieni nimefika nchi nyingine kabisa! Shida zipo, siwadanganyi. Bati la chumba changu limetoboka palepale juu ya kitanda, na mvua hizi nalala nimejikunja kama paka. Tena ugali wa kujipikia mwenyewe hauna maneno. Unakula tu, unanyamaza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Suzi amenipigia akasema umekataa kukimbia mbio za familia za Krismasi. Ati umesema, "Kitenge kina pembe nne, na sisi tuko watatu. Nitakaa nyumbani." Mama!

Unakumbuka zilivyoanza? Familia chache tu za kanisani, na Isansa nzima ikitucheka: watu wazima wanakimbizana kama kuku. Kila familia inashika kitenge kimoja, mtu na pembe yake, kutoka kanisani hadi kijitoni, kisha kupanda katikati ya mibuni na kurudi. Ukiachia pembe, mnarudi mwanzo wote. Baba mbele anapiga kelele, "Shika! Shika!" kama anaswaga ng'ombe. Wewe na gambuti zako kwenye tope la Desemba, Suzi analia kwamba namvuta, na mimi, wacha niseme ukweli, ndiyo injini. Miaka yote niliyokimbia, mbuzi wa zawadi wa wazee wa kanisa alikuwa wetu.

Sasa nasikia watu wanatoka hadi Itaka na Hasamba, kuna kijana na kipaza sauti, na mabibi wananunua raba. Zimekuwa kubwa, na nyinyi ndio mabingwa. Halafu bingwa anakaa nyumbani?

Tena huku nako mbio hizi zimewaingia watu kama homa. Sikukuu ikifika, baba, mama na watoto wote barabarani, hata mtoto mchanga anasukumwa kwenye kigari. Sikukuu iliyopita mke wa bosi, Bana Mulenga, alikuja gereji akaniangalia miguu kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Festo, mume wangu ana kitambi. Utakimbia na sisi?"

"Mama, unamuuliza bata kama anayajua maji?"

Tulipojipanga nikauliza, "Kitenge kiko wapi?" Wakatazamana. Mulenga mdogo akacheka, "Cha nini? Unaona baridi?" Kumbe huku kila mtu anakimbia na mikono yake. Basi nikakimbia, na niliwaonyesha, hilo halina ubishi. Lakini mkono wangu wa kulia njia nzima umekunjwa ngumi, unatafuta pembe ya kushika.

Tukafika, tukavishwa nishani. Kisha kila familia ikaenda kwenye gari lake, ikafungua chakula chake. Bana Mulenga alinipa paja la kuku, simsemi vibaya. Ila nilikuwa natafuta moshi wa sufuria kubwa, natafuta mtu wa kumtania kwa kushika mkia. Familia ya mwisho ilifika, ikapanda gari, ikaondoka. Hakuna hata aliyeicheka! Kwetu wa mwisho ndiye anayesubiriwa kuliko wote, kwa sababu washindi wanatoa mbuzi wao aliwe na wote, na wa mwisho wanatoa uwanja wa kwao na kusonga ugali. Hapo, mama, nikaenda kujifanya nanawa uso.

Nikakumbuka ule mwaka akina Siwale waliposhika mkia, tukampeleka mbuzi kwao. Ulicheka siku ile, mwiko mkononi, mpaka kilemba kikadondoka. Jioni tukarudi kwetu, mistari ya fagio lako la asubuhi bado ilikuwepo uwanjani, hakuna aliyeikanyaga. Ukasema, "Uwanja wetu msafi kweli." Nilidhani unajisifu kama mimi. Kila Krismasi unafagia, kila Krismasi tunashinda, na kila Krismasi watu wanajaa kwa wengine.

Mnajua Krismasi hii sitakuja. Malori hayajui sikukuu, na bosi anakwenda kijijini kwao, gereji kaniachia mimi. Ndiyo heshima niliyoitafuta, na ndiyo inayonizuia.

Kwa hiyo nina ombi. Pembe yangu mpeni mzee Nzowa, jirani yetu. Tangu mkewe afariki na watoto wake waende mbali, hukaa pale kwenye jiwe la kijitoni akitupigia kelele, "Kimbieni, nyama haiwangoji!" Anatutania, lakini hajawahi kukimbia kwa kuwa hana kitenge cha kushika. Najua hatakimbia, atatembea. Najua atasimama kumsalimia kila mtu njiani na kuuliza habari za mifugo. Suzi, usimvute! Baba, mwambie goti lako limepata mwenzake.

Mtashika mkia, hilo sina shaka. Mimi, Festo, ambaye sijawahi kushindwa, ndiye ninayewaomba mshindwe. Mbuzi ataletwa kwetu na watu watamfuata, wa Itaka, wa Hasamba, watoto wenye matope mpaka masikioni, na mzee Nzowa atalalamika nyama ni ngumu kama kawaida yake. Uazime sufuria kwa Mama Siwale mapema.

Msalimie baba, injini anamsalimu fundi. Msalimie mjomba wa Tunduma, na shangazi wa Hasamba mwambie nywele zangu nimenyoa, aache kuniombea. Mzee Nzowa mpe mkono wangu, yaani ile pembe.

Fagia uwanja, mama. Mwaka huu utakanyagwa.

Ni mimi mwanao, miguu ya Isansa iliyo Ndola,

Festo