Nilimwacha Shemeji Ndani ya Treni

Miaka sita, wewe mpokea simu! Mara ya mwisho uliniandikia kitindamimba wako akiwa na siku kumi, ukauliza kama mtu asiyeona anaweza kumbeba mtoto mchanga na kupanda naye ngazi. Nikakwambia mbebe. Basi, kimya. Sikujua kama ulimbeba, kama ulianguka, kama mtoto yu hai. Mchapaji wa hapa gazetini, ambaye ndiye hunisomea barua kwa kuwa darasa mimi nililionea dirishani tu, kila akifungua bahasha namuuliza, "Yule wa simu bado?" Leo umejitokeza kwa sababu maji yamekufika shingoni. Haya. Wasomaji wangu, msikilizeni kwanza, halafu mniachie mimi.

*

Bibi yangu, shikamoo. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unifokee.

Mimi ndimi yule mpokea simu wa hospitali, sioni tangu nikiwa na miaka saba, na kitindamimba nilimbeba, Bibi, na ngazi tulipanda, sasa ana miaka sita na dada yake tisa. Likizo iliyopita tulisafiri familia nzima kwenda jiji kubwa anakoishi dada wa mke wangu, ambaye alikuwa amejifungua, nami niliwaahidi wanangu kwamba wakati mama yao akimsaidia mzazi nitawapeleka mwenyewe kwenye makumbusho ya treni za zamani, ambako watu wanaruhusiwa kushika vitu, na kwa kuwa kazi yangu ni simu, niliwapigia watu wa treni za jiji wiki tatu mfululizo, nikauliza milango inafunguka upande gani, behewa lipi linasimama karibu na ngazi, vituo ni vingapi, mpaka yule dada wa huduma akawa akisikia sauti yangu anacheka, "Leo unataka kujua nini tena, kaka, rangi ya viti?" Njia nzima nikawa nayo kichwani: basi vituo saba, treni ya kwanza vituo vitano, tunaunganisha ya pili, vituo vinne, tumefika.

Asubuhi ya safari shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, akasema anakuja "kusaidia". Bibi, alinisaidia mpaka nikatamani kulia. Alinishika kiwiko kwa nyuma akawa ananisukuma kama mkokoteni, akamwambia mlinzi wa geti la tiketi, "Tupishe, nina kipofu hapa," na mimi kadi yangu nimeshaigonga, akawaambia wanangu, "Mshikeni baba yenu asije akatuaibisha," na nilipomwambia tupande behewa la tatu akasema, "Shemeji, pumzika, mwenye macho ni mimi." Kitindamimba akaniuliza, "Baba, kwani wewe huijui njia?" Hilo ndilo lililonichoma.

Ndani ya treni ya kwanza akapigiwa simu, akaanza kubishana na mteja wake wa vigae, kelele behewa zima, na mimi nahesabu vituo, na tulipofika cha tano nikawaambia wanangu kwa sauti ya kawaida, "Twendeni, tunashuka hapa," wakanishika, tukashuka, na nikasikia sauti ya mjomba wao bado iko ndani. Milango ya treni zile hulia mara tatu kabla ya kufunga, Bibi, yaani muda wa kumwita nilikuwa nao, neno "shemeji" si refu. Nikafunga mdomo. Milango ikafunga na sauti yake ikakatika kama simu niliyoikata mimi mwenyewe kwa kidole. Binti yangu mkubwa akasema, "Baba, mjomba amebaki!" Nikamjibu, "Atajijua."

Tulifika. Hatukukosea hata hatua moja. Wanangu walipanda kichwa cha treni ya makaa, tukaigonga kengele yake, tukanunua mikate kwa kuwa mfuko wa chakula ulibaki kwa mjomba, na saa kumi tukarudi kwa njia ile ile tukiimba, kumbe nyumbani kwa dada wa mke wangu kumekuwa kama msibani: shemeji alipelekwa mpaka mwisho wa reli, akapanda treni isiyo yake, simu ikamzimikia, akaenda kwa walinzi akaripoti kwamba kipofu amepotea na watoto wawili, na mama watoto amelia mpaka sauti imekauka.

Kikao kikaitishwa palepale sebuleni. Wakaamua nisipande tena chombo chochote na wanangu peke yangu, na likizo ijayo watoto watarudi jijini kwa gari la shemeji, mimi nibaki nyumbani "nipumzike". Mke wangu hakunitetea. Baadaye jikoni akaniambia, "Usijilaumu, mume wangu, hukumwona." Nikaupokea, Bibi, msamaha usio wangu. Nikisema ukweli nitakuwa mtu mbaya, nikinyamaza nitakuwa mzigo, likizo ijayo imebaki wiki tatu ianze, na wanangu siwaachii mtu. Nifanyeje?

Ni mimi, mpokea simu.

*

Bibi anajibu:

Kwenye lile neno "atajijua" nilicheka mpaka mchapaji akaacha kusoma. Usidhani nimekupongeza. Njia uliijua, na shemeji yako ni msumbufu, hayo mawili sina ubishi nayo. Lakini kuna mtu umemruka kama dimbwi katika barua yako yote. Binti yako mkubwa! Yeye ndiye aliyekwambia mjomba amebaki, na jibu lako alilisikia. Kisha akakaa sebuleni akawasikia watu wazima wakisema baba yake hakujua. Tangu siku hiyo mtoto wa miaka tisa amebana midomo kwa ajili yako, na wewe unaniandikia habari za milango inayolia. Aibu, baba. Aibu tupu.

Unaogopa kuwa mtu mbaya? Kuwa mbaya! Watu wabaya wanapanda treni na watoto wao kila siku. Mtu mbaya anagombezwa, ananuniwa, anasamehewa, kesho yake anatumwa sokoni. Mzigo haugombezwi. Unasogezwa pembeni ili watu wapite. Mimi ningekuwa wewe ningeomba nigombezwe.

Nimefua nguo za watu miaka thelathini, jiji kubwa kama hilo, na watoto watano, na kibao cha basi hata kimoja sijawahi kukisoma. Mabasi niliyajua kwa rangi na kwa kuuliza. Siku moja nikapanda la kijani lisilo langu, tukaishia kwenye karakana, tukala pale na mafundi, wanangu wakarudi na grisi mpaka masikioni. Mume wangu akasema, "Mmechelewa." Akala, akalala. Sasa shemeji yako amepotea na macho yake mawili na simu mkononi. Kikao chake kiliitishwa lini? Nani amemnyang'anya watoto wake? Mpaka leo barua zenu nasomewa, na majibu nayasema mchapaji anaandika, na sijasikia mtu akisema Bibi apumzike. Athubutu!

Basi fanya hivi. Leo, ukitoka kazini, kabla hujavua viatu, mwite mama watoto na binti yako mkubwa pamoja. Sema: "Nilijua amebaki. Nilinyamaza kwa hasira." Hapo hapo weka nukta. Usianze na "si unajua kaka yako alivyo", maana ukianza hivyo umeshaharibu. Kisha mwambie binti yako kwamba siri imekwisha, hana kazi nayo tena, na kwamba siku ile mwenye kusema sawa alikuwa yeye. Mama watoto atanuna. Mwache anune, alilia mchana kutwa kwa sababu ya mdomo wako. Na usimuulize kesho yake kama ameshamaliza.

Nawe mama watoto, najua utayasikia haya. "Hukumwona," ulimwambia, ukidhani unamfariji. Umelala na mtu huyu miaka kumi. Unajua anamtambua aliyeingia nyumbani kabla mlango haujarudishwa. Ulitakiwa ushangae, mwanangu! Ungemuuliza tu, "Hivi kweli hukumsikia?" Ungejua yote siku ile ile. Umemwonea huruma mahali alipostahili kofi la maneno.

Turudi kwako. Shemeji mpigie simu, si ndiyo kazi yako. Mwombe radhi kwa kutomwita. Kwa hilo tu. Kwa kushuka kwenye kituo sahihi usimwombe radhi hata akilia. Akianza, "Unaona sasa, ndiyo maana tulisema," mkatize: "Shemeji, kosa langu ni kwamba nilijua." Akinyamaza, na wewe nyamaza, umwache ameze. Mwambie pia, siku akitaka kukuongoza, akupe kiwiko chake ukishike wewe. Mkokoteni akatafute sokoni.

Hicho kikao mimi sikitambui. Watu walikaa juu ya uongo, na mwenye uongo ni wewe; ukiuondoa, hawana pa kukalia. Usiwaombe kikao kingine. Usipige magoti. Safari hii ni ya mama watoto na wewe, wala si ya ukoo mzima. Mkalishe, mpe njia yote uliyo nayo kichwani, basi kwa treni, kituo kwa kituo, saa ya kutoka na saa ya kurudi, kisha mwambie mpande wote wanne, yeye akae kando yako na asiseme kitu mpaka mfike. Anachokiogopa hajawahi kukiona kikifanyika. Akishapanda mara moja, hofu yake itabaki na ukubwa wake halali. Na akisema watoto waende kwa gari la kaka yake huku baba yao amebaki kupumzika, jibu ni hapana. Mwambie Bibi ndiye aliyekataa, aje agombane na mimi.

Tena sitaki barua nyingine. Mara ijayo njoo mwenyewe, nao wote, Alhamisi, niko hapa gazetini mpaka saa nane. Basi linalopita hospitalini kwako, vituo kumi na kimoja. Ukishuka, mitambo ya kuchapa utaisikia mkono wa kulia. Ifuate hatua kama mia mbili mpaka mlango wa chuma unaokwaruza. Lifti imekufa. Ngazi ni arobaini na nne, na ya tisa imemeguka ukingo: watahadharishe watoto kabla hawajaikanyaga.