Wangu Alikuwa wa Nani?

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepiga pasi fulana ya Garland ya mistari, nyeusi na nyeupe, mpaka ukiigusa inakukata! Leo vijana wetu wa shule ya Kessler Flat wanacheza mpira wa Kimarekani na Dunmore, na mwanangu ndiye mwamuzi wa nyuma. Anasimama nyuma kabisa, peke yake, kama mwenye shamba.

Wenzangu jukwaani wanatazama mpira. Mimi hapana. Sijui hata nani anaongoza. Mimi namtazama Garland, basi.

Na ndivyo waamuzi wenyewe wanavyofundishwa, kaniambia yeye. Mpira ukirushwa, kila mwamuzi ana mchezaji wake wa kumlinda kwa macho. “Ukiutazama mpira, Mama, umeshaharibu.” Mzee Wendell, mwamuzi wa pembeni kushoto, anamtazama mpokeaji, yaani mdaka mpira, wa nje kabisa. Garland anamchukua wa ndani. Lakini mpokeaji mmoja akihama upande mwingine kabla mpira haujatoka, wanakabidhiana. Garland ananyoosha mkono, yaani: mimi nahamia kule, aliyebaki huku ni wako. Mkono tu. Hawasemi neno.

Haya, nimkaangie kuku kabla hajaondoka. Tumbo tupu halihukumu vizuri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mungu wangu.

Jana, kipindi cha mwisho. Mpokeaji wetu wa nje akahama kutoka kushoto kwenda kulia. Mpira ukarushwa kulia, mrefu, uwanja mzima ukasimama. Akaudaka, akavuka mstari, pointi sita! Bendi ikapiga. Watu wasiosalimiana walikumbatiana.

Vijana wakapanga mstari kwa ajili ya ule mkwaju wa pointi ya nyongeza. Mwamuzi akahesabu. Akahesabu tena. Kumi. Wanatakiwa kumi na moja.

Ndipo wakamwona Colby Ledbetter, mpokeaji wetu wa ndani. Kushoto, mbali na kila kitu. Kifudifudi, helmeti kichwani, glavu moja imetoka. Beki wa Dunmore alimgonga kwa nyuma, na hakuna anayeweza kusema ilikuwa lini. Bendi ilinyamaza chombo kimoja kimoja. Ngoma ndiyo iliyochelewa kuelewa.

Wamempeleka hospitali Lubbock. Hajafumbua macho.

Garland ameendesha gari mpaka kwangu. Akazima injini. “Nilinyoosha mkono, Mama. Colby alikuwa wa Wendell. Uliniona, sivyo?”

“Nilikuona, mwanangu.”

Nilijibu kabla hajamaliza kuuliza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Saluni kwa Twyla. Nimeenda kusuka habari, nywele ni kisingizio!

Wamenizunguka. Nikawaambia: ninyi nyote mlikuwa mnatazama mpira, mimi nilikuwa namtazama wangu. Mkono ulinyooka kama mlingoti wa bendera mbele ya posta!

“Basi aliyelala ni Wendell,” akasema Twyla, kitana mdomoni.

“Mzee yule macho yake yameshastaafu, yanamsubiri yeye tu,” akadakia mwingine.

Tulicheka. Na mimi nilicheka. Kisha mtu akamtaja Charla, mama yake Colby, kwamba analala kwenye kiti kule hospitali, na kicheko kikakatika kama umeme.

Chama chao cha waamuzi kinakaa Alhamisi. Mmoja kati ya hao wawili atavuliwa fulana. Garland ana miaka mingi mbele yake! Wanasema siku moja atachezesha vyuo vikuu. Mwanangu mimi, niliyeishia darasa la tisa.

Amekuja kula. Ameshika uma mkono wa kushoto. Wa kulia ukaanza kupanda pole pole kutoka mezani, ukanyooka kuelekea dirishani. Hajui kwamba anafanya hivyo. Nikageuka kutazama alikoelekeza. Hakuna kitu. Nyasi tu, na upepo.

Nikageuka tena baada ya yeye kuondoka.

Jumatano, 15 Oktoba

Maombi ya Colby kanisani. Mchungaji akasema tufumbe macho. Sikuweza. Nikiyafumba namwona yule mtoto nyasini, na anakuwa karibu zaidi kila mara. Kwanza alikuwa mbali, pembeni. Leo alikuwa miguuni pangu.

Nje, Mzee Wendell alinifuata mpaka kwenye gari, kofia mkononi.

“Bi Oleta, nimesimama pembeni ya uwanja ule tangu Garland wako ananyonya. Sikuuona mkono. Nilimfuata kwa macho yule aliyehama, nikijua Colby yuko kwa Garland. Lakini nasikia wewe uliuona.”

Nikatafuta funguo za gari.

“Niambie tu. Ukisema uliuona, kesho navua fulana mwenyewe, bila kelele. Mimi nataka kujua kama ni mimi.”

“Niliuona, Mzee.”

Akavaa kofia. “Haya. Ahsante, mama.” Akatembea kuelekea kwenye pikapu yake, akaupita mlango wake bila kuuona, akarudi kuutafuta.

Naandika hapa, na hapa tu. Yule mpokeaji alipohama, mikono ya Garland ilikuwa kiunoni. Namjua, akichoka hushika kiuno, mtindo huo ni wa baba yake. Mkono ulinyooka, ndiyo. Ulinyooka mpira ukiwa umeshapaa.

Ni mtoto mzuri. Alichelewa tu. Kuchelewa ni kosa gani?

Alhamisi, 16 Oktoba

Charla Ledbetter amekuja. Mchana huu huu, kabla ya kikao cha waamuzi, ambako nimeitwa kusema nilichoona. Amerudisha bakuli langu la pai ya pichi niliyompelekea, limeoshwa. Nguo ni zile zile za Ijumaa, fulana yenye namba ya mwanawe.

Nikamwambia keti, kahawa ipo. Hakuketi.

“Colby je?”

“Vile vile.” Kisha: “Twyla ananiambia wewe hukuwa unatazama mpira.”

Nikaanza habari ya mkono. Maneno yalitoka yenyewe, yamezoea njia. Akaninyamazisha.

“Sikuulizi mkono, Oleta. Mkono waulizane wao. Nakuuliza Colby. Ulimwona?”

Nikamjibu sikumwona. Nilikuwa namtazama Garland.

“Hata kuanguka kwake?”

“Hata kuanguka.”

Akashika ukingo wa sinki. “Mimi nilikuwa nimesimama juu ya benchi. Napiga makofi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, pointi sita. Mwanangu yuko chini, mimi nashangilia.” Akanitazama. “Kila mtu alikuwa na wake. Wangu alikuwa wa nani?”

Nikalifuta bakuli lililokwisha kukauka. Mimi, Oleta, nisiye na breki mdomoni!

Hapo Garland akaingia, amevaa shati la kanisani, funguo mkononi. “Mama, twende, wanakusubiri wewe tu useme ulicho—” Akamwona. Akasimama.

Nimesema naenda kuchukua koti. Nimekaa kitandani, naandika juu ya goti. Wale wawili nimewaacha jikoni. Hata kiti hakilii.

Sasa ananiita.

“Mama, njoo. Charla anakuja nasi. Anasema anataka kukusikia.”