Espanyolete ya Mama Odile

Mujukuu wangu Grâce,

Jambo sana. Huku Likasi tuko wazima. Mudogo wako amepokea komunio, na umeme unapotea ovyo kama kawaida.

Uliniuliza espanyolete ni kitu gani, maana madirisha yenu ya Kinshasa yanasukumwa tu pembeni. Ni kile chuma kirefu katikati ya dirisha: ukizungusha mukono wake, kinaachia dirisha juu na chini pamoja.

Zamani sirene ililia kila alasiri mbele ya baruti kulipuka mugodini, na wamama wote wa kambi yetu ya wafanyakazi walifungua madirisha ili mushindo usipasue vitre, vile vioo vyake. Nilikuwa kabinti tulipomuzika jirani yetu Mama Odile, na nyumba yake ikafungwa kwa kufuli. Kesho yake sirene ilipolia, tuliona espanyolete yake inazunguka polepole, dirisha likafunguka. Mama yangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Jambo, Mama Odile. Umefanya muzuri."

Sirene imenyamaza miaka mingi sasa, lakini minye bado ninafungua saa ile. Jana nilisinzia kwenye kiti. Nilipoamuka, dirisha lilikuwa wazi, na weye unajua ninaishi peke yangu.

Nikasema, "Jambo, Mama Odile." Kisha nikakaa, nikangojea mushindo.

Ni minye, mama ya baba yako, ninayekukumbuka kila asubuhi.