Ramani ya Nyumba ya Bi Mishi

Baba yangu,

Shikamoo. Leo sikuletei habari za wajukuu wala za mvua, utaniwia radhi. Nimechoka. Nimeketi hapa uani kwetu Mtongwe, miguu imevimba kwa foleni ya feri, sijaoga, sijainjika chungu. Nimeona nikuandikie kwanza, maana kesho nina neno la kusema mbele za watu, nalo linakuhusu.

Ramani zako nilizitoa, Baba. Zote, zile ulizozikunja na kuzifunga kwa vitambaa vya kanga kuukuu za Mama ukazijaza chini ya kitanda. Chuo kimoja kule mjini kilinijia kikisema kinahifadhi kazi za wachoraji majumba wa pwani, ili watakaokuja wajue nyumba zetu zilikuwaje. Usidhani nilikubali kwa kupenda elimu. Mchwa washafika, paa lavuja, nami nilikuwa nimechoka kufagia nikizizunguka. Nilizipakia kwenye tuktuk nikashusha pumzi.

Kumbe nilijitwika mzigo mwingine! Haukupita mwezi wakanipigia simu. "Mama, nyumba hizi ziko wapi?" Walitafuta nambari za viwanja. Nambari za viwanja, kwetu huku, ambako mtu ana nyumba na ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine! Wewe nje ya kila ramani uliandika kama mtu anayemwelekeza mgeni: "Kwa Bi Rukia, mbele ya kisima." "Kwa Mama Karisa, ukipita kwa muuza makaa." Kisima kishafukiwa, muuza makaa kafa, na Bi Rukia wako wanne, wa Likoni, wa Kisauni na wawili wa Changamwe. Nakumbuka nilivyokuuliza kwa nini huandiki mtaa. "Kwani nani hamjui Bi Rukia?" ukaniambia, ukaendelea kuchora. Basi chuoni zikatiwa kwenye masanduku yaliyoandikwa "Hazijulikani", na tangu hapo kila Jumatano navuka kwenda kuzitaja moja moja. Mwanzo nilifurahi. Niliona baraza ulizochora pana ili watu waketi, na choo ulichokuwa ukikisogeza mbali na jiko hata mwenye nyumba akununie. Siku hizi naenda tu kwa sababu niliahidi.

Sasa nikueleze la Bi Mishi, jirani yetu. Mumewe, Bwana Bakari, amefariki mwaka huu. Watoto hawakujaaliwa, na ndugu wa marehemu wanataka nyumba iingie kwenye mirathi igawanywe, na kikao chao ni kesho. Bi Mishi anasema nyumba si ya marehemu, ni yake, aliijenga kwa vitumbua vyake, tofali kwa tofali. Hati hana, nani huku ana hati? Bado amekaa eda, hatoki nje, kwa hiyo aliniita ndani akanishika mkono. "Mwanangu, nitafutie ile ramani. Babako aliliandikisha jina langu pale chini, nililiona kwa macho yangu. Babako ndiye shahidi wangu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Leo nimeipata. Kadzo, binti wa Kigiriama anayetunza makavazi ya chuo, aliitandaza juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, kila kitu kama kilivyo hadi leo. Pale chini kwenye kisanduku cha mwenye nyumba umeandika: Bakari. Nikasema basi, Bi Mishi kazeeka, kasahau. Halafu Kadzo akainama. "Mama, hebu tazama hapa. Karatasi imekuwa nyembamba." Pale pale penye jina la Bakari karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, na taa ilipopenya nikaona mikwaruzo ya herufi za zamani. MISHI.

Herufi zenyewe zilikuwa zangu, Baba. Ulikuwa unanifundisha kuandika kwa wino, ukiniachia majina ya wenye nyumba, nami niko darasa la nane, na ile M yangu ya miguu panda ulikuwa ukiicheka kila siku, ati imesimama kama mtu aliyebanwa na haja. Ningeijua hata gizani. Hapo ndipo jioni ile iliponirudia nzima. Bwana Bakari alikuja na kikapu cha samaki, akaketi, ukaniambia, "Nenda kamtazame mamako jikoni." Niliporudi alikuwa keshaondoka, wembe uko mezani, nawe wapuliza vumbi kwenye karatasi. Nikakuuliza, "Baba, nilikosea?" Ukasema, "Hukukosea wewe." Miaka yote hii nimelibeba neno hilo nikidhani ulikuwa unanibembeleza.

Kwa nini? Mliswali safu moja, sawa. Alikuwa rafikiyo, sawa. Au ulimwogopa? Au uliona ni jina tu, wako nyumba moja, nani atauliza? Nimekuuliza tangu kwenye feri mpaka nafika hapa. Ila nakumbuka ulivyolala kitandani miezi ile ya mwisho, mimi nafanya kazi mbali huko Miritini, na kila asubuhi nani alikuletea uji? Bi Mishi. Uliunywa uji wake, Baba! Ulimshukuru, ukamwombea dua, na hukusema.

Nikuambie na aibu yangu. Kalamu yako ya wino nilikuwa nayo mkobani, nimewapelekea waihifadhi pamoja na ramani. Kadzo alitoka kidogo kufuata fomu, nikabaki peke yangu. Nikaifungua. Mwandiko wako nauweza kuliko unavyodhani, wangeapa ni wewe uliyeandika. Ningelirudisha jina la Bi Mishi mahali pake, wewe ungebaki msafi, yeye angepata nyumba yake, nami ningekwenda kulala. Wallahi nilitamani. Lakini kulirudisha ilikuwa lazima nimkwangue Bakari, na sikuwa hata na wembe. Nikaona nafanya yale yale uliyofanya wewe, kwenye meza nyingine. Nikaifunga.

Kadzo aliporudi akaniuliza aandike nini kwenye kumbukumbu. Nikamwambia aandike kwamba jina la kwanza lilikwanguliwa, na aandike na aliyelikwangua.

"Ni nani, mama?"

Nikamtajia jina lako. Akanitazama. "Una hakika? Haya watu watayasoma." Nikamwambia aandike.

Kisha nikapitia kwa Bi Mishi. Alikuwa akichagua mchele. Nikamweleza yote, sikumficha kitu. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe. Halafu akasema, "Basi kesho usende kikaoni, mwanangu. Babako keshakufa, hana wa kumtetea. Mimi nikitoka eda nitajisemea mwenyewe." Nikamwambia, Bi Mishi, ukitoka eda watakuwa washaigawa. Akasema, "Na iwe. Ni kheri kuliko watu kumtaja vibaya." Nililia pale pale, Baba, mtu mzima kama mimi, kamasi zikanitoka. Akanipa ncha ya leso yake nijifute.

Kwa hiyo kesho baada ya adhuhuri wazee wa ukoo wao watakaa na shehe wa mtaa, na mimi nitakuwapo. Nitawapa nakala aliyonipigia Kadzo. Watasema nimehongwa. Watasema fundi aliyechora nusu ya Likoni hawezi kufanya hivyo. Na wenye nyumba wengine wataanza kuniuliza habari za ramani zao, na sitakuwa na la kuwajibu. Sina nguvu za hayo yote. Ningekuwa nazo ningekukasirikia vizuri zaidi.

Lakini nitakwenda. Nitasema: jina niliandika mimi, na baba yangu akalikwangua. Wewe, Baba, umemlaza Bi Mishi nyumba ya mtu mwingine miaka yote hii, na leo yeye anakubali kufukuzwa ili wewe usitajwe vibaya. Hilo siwezi kukubali, hata kwa ajili yako.

Nisamehe kwa kesho. La kwako sijaweza bado kulisamehe.

Binti yako wa pekee