Daktari wa Woga Yuko Ghorofa ya Kumi na Tisa

Jumamosi, mwezi wa nane

Joto la leo linanata. Nimeoga mara mbili na bado shati limenigandia mgongoni. Wenzangu wa chumbani wako kazini, feni inazunguka, na mguu nimeuweka juu ya sanduku la nguo kwa sababu umevimba kama andazi. Nina saa mbili hivi za kuwa peke yangu. Kwenye chumba cha watu sita hapa Satwa, Dubai, hizo ni nyingi.

Ninaogopa. Wacha niliandike hilo kwanza, ndipo niendelee.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni mlinzi, mwanamke, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Miezi minane iliyopita nilikuwa zamu ya mchana kwenye jengo moja refu kule Al Nahda, nikapanda lifti ya mizigo kwenda kukagua ghorofa za juu. Lifti ikaanguka ghafla, ikasimama, ikaanguka tena. Mguu wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kifundo, taa zikazimika, nami nikabaki mle ndani. Miezi sita ya kwanza nililipwa mshahara mzima wa majeruhi. Sasa nalipwa nusu, na nusu hiyo ndiyo inayomsomesha binti yangu.

Mfupa umeunga. Ni mimi ambaye sijaunga.

Siwezi kuingia kwenye lifti. Nikisikia tu mlango wake unafunga, hata nikiwa ng'ambo ya ukumbi, pumzi inakatika na vidole vinakufa ganzi. Na kesho, ingawa ni Jumapili, nina miadi na jopo la madaktari. Wakisema nimepona, narudi lindoni, na ulinzi wa mji huu ni lifti asubuhi hadi jioni. Nikikataa, kampuni itafuta viza na kunikatia tiketi. Nikisema mguu mzima ila kichwa bado, sijui wataandika nini. Chumbani wanasema ukishaandikwa una shida ya kichwa, wiki hiyohiyo uko uwanja wa ndege. Sijui kama ni kweli. Nimeuliza watu wanne na nimepata majibu manne.

Kwa hiyo kwa wiki tatu nimekuwa nikitafuta mtu wa kuongea naye, kimyakimya. Bima yangu inatambua mifupa tu. Kliniki ya kwanza niliyoipigia, binti wa mapokezi alinitajia bei ya saa moja kwa sauti tamu sana, nikamshukuru kama vile nimeagiza keki, nikakata simu. Ya pili ilikuwa ghali zaidi. Ya tatu hawakupokea.

Aliyeniokoa ni Mama Rehema, Mtanga anayenisuka nywele. Yeye ana wateja wa kila namna na masikio ya kila namna. Akaniambia yupo daktari Msudani, mama mtu mzima, ambaye Jumamosi huona watu kwa chochote walicho nacho. Dokta Ihsan. Kliniki yake iko Bur Dubai, jengo zuri, tena ukishuka kwenye basi unaliona. Nilifurahi hadi nikamwongezea Mama Rehema bahashishi.

Kisha akasema ni ghorofa ya kumi na tisa.

Nilicheka. Wewe pia ungecheka. Halafu kwa usiku tatu mfululizo niliota milango inafunga.

Leo nimekwenda. Nilifika mapema, nikakuta ukumbi wa baridi na mlinzi Mganda mezani, Wasswa, jina liko kifuani. Akanisogezea daftari la wageni. Jina, ghorofa, sababu ya kuja. Na hapo mkono ukakataa, kwa sababu daftari hilo nalijua kuliko anavyolijua yeye.

Hapa lazima nikiri. Kule Al Nahda nako kulikuwa na kliniki ya aina hii, ghorofa ya kumi na mbili. Wageni wake tuliwapa jina: abiria wa kumi na mbili. Nilikuwa nawasoma kwenye daftari, kisha nawatangaza kwenye redio ya mkononi ili wenzangu wa chumba cha kamera wawaangalie. Siku moja alikuja mwanamke akasimama mbele ya lifti anatetemeka, mlango ukafunguka na kufunga mara tatu bila yeye kuingia. Nikabonyeza redio nikasema, "Njooni, sinema imeanza." Tulimcheka wiki nzima. Mimi ndiye niliyekuwa mchekeshaji wa zamu yetu. Kila mtu alinipenda kwa hilo.

Basi nikaandika uongo. Ghorofa ya nane, kuulizia kazi.

Wasswa akasoma, akaniangalia. "Dada, eighth floor leo wamefunga," akasema polepole. "Ni weekend, hakuna mtu."

Nilihisi damu imepanda masikioni. Akaigeuza kalamu mkononi, akasema tu, "Sawa, dada. Wewe panda. Hapa mimi nitarekebisha."

Nikaenda mpaka kwenye lifti. Ikafunguka. Ilikuwa nzuri, ya vioo, inanukia udi. Ikafunga. Nikabonyeza tena, ikafunguka, ikafunga. Nilikuwa natetemeka, na juu ya kichwa changu kulikuwa na kamera. Simu ya mezani ilipolia na Wasswa akageuka kuipokea, nikapenya mlango wa ngazi za dharura.

Ngazini hakuna baridi. Ghorofa ya pili nilikuwa nimelowa. Ya nne nilikuwa napanda kwa mguu mmoja na ukuta. Ya sita nikakaa, maana mguu ulianza kuchoma mpaka kwenye nyonga, na hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nimewaeleza wapangaji mara mia: milango ya ngazi hizi inafunguliwa kutokea ndani ya ghorofa tu. Ukishaingia ngazini, hakuna ghorofa inayokurudisha mpaka ushuke chini kabisa. Hata ningefika ya kumi na tisa, ningebaki nje nagonga chuma.

Mlinzi wa miaka minne, nimejifungia ngazini.

Nilijaribu mlango wa sita kwa mabega. Haukutikisika. Basi ile pumzi ikakatika palepale, bila lifti yoyote, na nikaona giza mchana kweupe. Sikumbuki niliitoaje simu nikampigia Dokta Ihsan, kwa namba aliyonipa Mama Rehema. Nakumbuka nimesema kwa Kiingereza kwamba mimi ni mgonjwa wa saa kumi na niko ngazini na siwezi kupanda wala kushuka. Nilingoja atasema nini. Nilikuwa na uhakika atacheka.

Akasema, "Which floor, habibti?"

Nikasikia mlango ukifunguka juu kabisa, kisha viatu vikishuka. Vilichukua muda mrefu. Alipotokea alikuwa amekunja mkononi thobu yake, ile shuka ndefu wanayojitanda wanawake wa Sudan, anahema kuliko mimi, mama wa miaka hamsini na kitu. Akaketi kidato kimoja chini yangu. Akaniambia kwamba mlango wa juu umejifunga nyuma yake, kwa hiyo tumefungiwa wote wawili, khalas, basi, tuna saa nzima.

Hakuniambia nisiogope. Aliniuliza ni nini kilikuwa kibaya kuliko vyote mle ndani ya lifti. Nilidhani nitasema kuanguka, au mguu, au giza.

Nikasema redio.

Sijawahi kumwambia mtu. Siku ile nilikuwa nayo kiunoni, nzima, inafanya kazi. Niliita. Nikasema nimeanguka, nimevunjika, nitoeni. Nikasikia wenzangu wanacheka. Mmoja akajibu, "Sinema imeanza!" Niliita tena na tena, nikalia, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka, kwa sababu ni mimi, na mimi siku zote natania. Walizima sauti. Saa mbili zilipita kabla mtu hajaona kwamba sikurudi mezani.

 Dokta Ihsan akasema ndiyo maana naliogopa jopo la kesho: naogopa nitaita tena na sitaaminiwa. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu kuogopa jopo, nilimtajia tarehe tu. Nililia mpaka mtandio ukalowa, nikijua sauti inapanda ghorofa zote, na sikujali.

Kushuka ilikuwa kazi nyingine. Mguu haukukubali hata kidato kimoja, kwa hiyo nilishuka kwa makalio, kidato baada ya kidato, kama mtoto. Yeye naye akaketi, akashuka vilevile pembeni yangu, na thobu yake nyeupe. Ghorofa sita. Bahasha yangu ya pesa aliipokea bila kuifungua. Jumamosi ijayo, amesema, hatupandi popote, tutakaa ukumbini tuitazame lifti tu.

Wasswa alitufungulia mlango wa chini. Alitazama vumbi la nguo zetu. Akanipa daftari nitie sahihi ya kutoka.

Mstari wangu alikuwa ameukata na kuuandika upya. Jina langu, ghorofa ya kumi na tisa, kuleta mzigo. Nikapandisha macho kwenye ukurasa. Wa saa nane, kumi na tisa, kuleta mzigo. Wa saa tisa vilevile. Wote wa leo wameleta mizigo, kwa mwandiko uleule mmoja wa Wasswa. Nikamwambia asante, nikarudi kusubiri basi.

Sasa nimeifungua tena barua ya jopo. Inataja jengo, saa nne asubuhi, nakala ya pasipoti, picha za mguu. Nimeisoma mbele na nyuma. Haisemi ghorofa ya ngapi.

 Mguu huu kesho hautapanda hata ghorofa ya pili.

Nitatoka saa moja asubuhi. Nikikuta ni chini, nitaingia. Nikikuta ni juu, nitamwambia mlinzi wa mezani awapigie madaktari simu, awaambie nimefika, niko ukumbini, naogopa lifti, na sitanii.